Maoni ya mtaalamu: maana yake kwa wakusanyaji wa vitu vya asili

Wakusanyaji wa vinyago, ngao, vigoda na mapambo ya jamii za kale wana usemi wanaourudia mno: "nimepata maoni ya mtaalamu." Asiyeuzoea hudhani ni cheti, kama kile cha maabara kinachothibitisha dhahabu. Sivyo. Ni usomaji wa kitu, unaofanywa na mtu aliyekwisha kushika vingi vya aina hiyo, na uzito wake hautoki kwenye muhuri. Unatoka kwenye mambo mawili: ameona vingapi, na atafaidika nini akisema ndiyo.

Swali analoulizwa kwa kawaida ni moja. Je, kitu hiki kilitengenezwa na wenyewe kwa matumizi yao, kikatumika, au kilichongwa kiuzwe? Sokoni huko Paris na Brussels, jibu hilo ndilo linalopandisha au kuzamisha bei. Mimi binafsi naona kipimo hicho kina dharau ndani yake, maana mchongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, anayeuzia watalii ni fundi halisi, tena wengine ni mafundi kweli kweli. Lakini ndivyo soko linavyopima, na anayetaka kuelewa mazungumzo yao hana budi kujua hivyo.

Mtaalamu basi anakigeuza kitu. Kinyago cha kuvaliwa usoni hukiangalia ndani kabla ya nje, kwa sababu jasho na ngozi ya mchezaji huacha weusi na ulaini pale tu panapogusana na paji la uso na kidevu. Matundu ya pembeni ya kufungia kitambaa au kamba yanapaswa kuwa yameliwa upande ule kamba ilikovutia. Mkono wa silaha huchakaa pale vidole viliposhika, hauchakai sawasawa pote. Wadanganyifu nao wanayajua haya yote: hufukia mti ardhini, huuning'iniza juu ya moshi, huupaka chai au rangi ya viatu. Hapa kwetu mti mwepesi uliopakwa kiwi ukauzwa kama mpingo ni hadithi ya kila siku. Ukitaka kuijua kweli, upime uzito kwa mkono. Kinachomfichua mdanganyifu ni kwamba uchakavu wake hauna sababu. Umeenea kote, kama vile kitu kilitumiwa na mtu mwenye mikono ishirini.

Vipimo vya maabara husaidia, lakini si kama watu wanavyodhani. Kipimo cha kaboni 14 kinataja umri wa mti, si siku ulipochongwa. Nguzo ya nyumba ya zamani inaweza kuchongwa leo. Tena kwa miti ya kuanzia karne ya 17 hadi katikati ya ya 20 majibu yake hupishana sana, na vitu vingi vya Afrika vya mbao vimo humo humo.

Mfano mzuri wa jicho lililofanya kazi ni ule wa Frans Olbrechts, Mbelgiji, aliyechunguza sanamu na vigoda vya Waluba wa Kongo miaka ya 1930 na 1940. Aliona kwamba vipande kadhaa vilivyotawanyika Ulaya, vyenye nyuso ndefu na mashavu yaliyobonyea, vinafanana kiasi cha kuonekana vimetoka kwenye karakana moja, akaviunganisha na kijiji cha Buli. Baadaye watafiti waliofika huko walitajiwa jina la mchongaji, Ngongo ya Chintu. Kabla ya hapo karatasi za umiliki zilijaa majina ya Wazungu waliovimiliki, na la aliyevichonga halikuwamo.

Sasa heshima. Katika kundi hili ina kanuni zake, nyingine nzuri na nyingine za kujilinda. Mtaalamu mwenye adabu hasemi "feki" mbele ya mjane aliyeleta kitu cha marehemu mumewe. Husema "sikielewi vizuri" au "ningekuwa mimi nisingekinunua", na waliozoea huelewa. Hakadirii bei ya kitu anachotaka kukinunua mwenyewe. Husema sijui anapokuwa hajui, na hilo ndilo humjengea jina kuliko yote. Upande mbaya ni kimya: wauzaji hukaa bila kukosoa kitu cha mwenzao kwa sababu kesho watamhitaji. Nao wanunuzi wapya huchanganya mtaalamu na mfanyabiashara.

Mchanganyiko huo ulifika mahakamani Ufaransa. Wenzi wawili wazee walimuuzia mnunuzi wa vitu vya mitumba kinyago cha Wafang wa Gabon kwa yuro 150 mwaka 2021. Kilikuwa cha babu, gavana wa enzi za ukoloni. Mnunuzi akakipeleka kwa wakadiriaji, na wa kwanza walikitaja chini ya yuro 1,000. Mnada wa Montpellier ukakitafutia wajuzi wa kazi za Wafang, na Machi 2022 kikauzwa kwa yuro milioni 4.2. Wenzi hao wakashtaki. Desemba 2023 mahakama ya Alès iliwakatalia: yule mnunuzi hakuwa mtaalamu wa sanaa ya Afrika, na wao hawakutafuta maoni kabla ya kuuza. Wagabon waliodai kinyago ni chao hawakupata kitu humo.

Hapo ndipo neno mtaalamu linapobana. Kwa miaka mingi limemaanisha mtu wa Ulaya au Marekani, na wenye kitu wamehesabiwa kuwa watoa habari tu. Vigango, yaani nguzo za mbao za kuchongwa za kuwakumbuka wafu, vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya vinaonyesha hasara yake. Kigango husimamishwa kwa marehemu aliyekuwa wa chama cha wazee kiitwacho Gohu, na hakiondolewi kilipowekwa, hata familia ikihama. Mzee yeyote wa Kigiriama, mojawapo ya makabila ya Wamijikenda, angelisema hivyo bila kulipwa. Wauzaji walivisifu kama sanamu nzuri, vikasafirishwa; watafiti Monica Udvardy na Linda Giles pamoja na wenzao walivikuta karibu 300 katika makumbusho 19 ya Marekani.

Udvardy alikuwa amempiga picha mzee mmoja wa Kigiriama mwaka 1985, akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka ikapita, kimoja kikaonekana katika makumbusho ya jimbo la Illinois, cha pili katika Chuo Kikuu cha Hampton. Ile picha ikawa ushahidi ambao hakuna tathmini ya mnada ingeweza kuupinga. Cha Illinois kilikabidhiwa kwa familia mwaka 2007, na mzee alikuwa ameshafariki.