Je, wajua kwa nini jino la dinosau mla nyama huokotwa bila mzizi?

Ukipata jino la dinosau mla nyama kutoka Kem Kem, kusini-mashariki mwa Moroko, ligeuze utazame chini. Mara nyingi mzizi haupo. Utaona shimo fupi tu. Wanaoanza kukusanya hudhani limevunjika, nami nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Niliamini pia kosa kubwa zaidi: kwamba kila jino ni mnyama mmoja aliyefia pale, hivyo penye meno mengi palijaa mizoga.

Sivyo. Meno mengi ya namna hii yalidondoka mnyama akiwa mzima, mengine pengine akiwa anatafuna windo. Aliendelea na maisha yake, jino jingine likachukua nafasi. Binadamu tuna meno ya utotoni na ya ukubwani, basi, ndiyo maana jino lililong'oka tunaliona hasara. Dinosau hawa walikuwa kama mamba wa leo: waling'oka meno na kuota mengine maisha yao yote. Mnyama mmoja aliweza kuacha mamia ya meno ardhini, na mifupa yake isionekane kamwe.

Fikiria mgomba. Mama akiwa bado amebeba mkungu, chipukizi limeshatokeza ubavuni mwake. Ndani ya taya la dinosau, jino changa liliota vivyo hivyo kando ya mzizi wa jino kuukuu, upande wa ulimi. Ila hapa mfano wa mgomba unaishia, maana chipukizi halimli mama yake. Jino changa lilipokua, mwili uliumeng'enya mzizi wa lile kuukuu polepole, mpaka likabaki taji, yaani sehemu ya jino inayotokeza nje ya ufizi, lililoshikiliwa kwa shida. Likadondoka. Kwa hiyo mzizi haukuvunjika: ulishaliwa kabla jino halijagusa ardhi.

Kasi yake hupimwaje? Dentini, yaani sehemu ngumu ya jino iliyo chini ya ngozi yake ya nje, huongezeka tabaka moja jembamba kila siku, na ukikata kipande chembamba ukakiweka chini ya hadubini, tabaka hizo huonekana kama mistari. Tuseme jino kuukuu lina mistari 300 na mrithi wake 200: yamepishana siku 100. Kwa njia hiyo dinosau mla nyama Tyrannosaurus alikadiriwa kubadili jino baada ya siku 777, na Majungasaurus wa Madagaska baada ya siku 56 hivi. Haya ni makadirio ya vielelezo vichache, na kasi hubadilika kwa umri na nafasi ya jino mdomoni.

Kasi hiyo hugeuza maana ya hesabu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth walieleza kuwa, kati ya meno kama 1,200 ya wanyama mbalimbali kwenye mto wa kale wa Kem Kem, karibu nusu ni ya Spinosaurus, dinosau mla nyama mwingine, ishara kwamba aliishi sana majini. Hoja hiyo ina uzito. Lakini jino la jamii ya Spinosaurus lilibadilishwa kila miezi miwili hivi, kwa hiyo nusu ya meno si lazima iwe nusu ya wanyama.

Ukiuziwa jino lenye mzizi mrefu kamili, basi, chunguza mahali taji linapokutana na mzizi. Huenda mnyama alikufa nalo tayani. Huenda pia ni vipande vya meno mawili, vimeunganishwa kwa gundi na mchanga.