Mjerumani Tunayemdhania na Mjerumani Aliyeko

"Shule" na "hela" ni maneno tuliyoachiwa na Wadachi, yaani Wajerumani. La kwanza ni Schule yao; la pili ni Heller, sarafu waliyoileta Tanganyika mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Wazee walitusimulia na neno jingine, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Tangu hapo wengi wetu tumebaki na picha moja ya Mjerumani: mkali, mkimya, jicho kwenye saa. Wapo vijana wetu wanaosafiri na picha hiyo hadi leo, nayo huwakwaza. Tuzipime dhana zetu moja moja.

"Mjerumani hulea kwa fimbo." Tangu mwaka 2000 sheria yao inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, hata na mzazi wake. Na siku ya kwanza ya darasa la kwanza mtoto huenda amekumbatia Schultüte, koni kubwa ya karatasi ngumu iliyojaa peremende, penseli na vitu vya kuchezea. Desturi hii ilianzia Saxony na Thuringia katika karne ya 19. Bibi na babu huja, picha hupigwa. Schule ni hiyo hiyo iliyotupa neno letu.

"Treni zao hazichelewi." Sifa hii tunaipenda, labda kwa kuwa Reli ya Kati waliyoianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914 ingali njia ya watu. Kwao mambo ni tofauti. Mwaka 2024, katika kila treni 100 za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika lao la reli, kama 62 tu ndizo zilizofika kwa wakati, na hapo iliyochelewa chini ya dakika sita imehesabiwa kuwa imewahi. Treni za mwendo kasi hugombania njia na za mizigo, na reli zenyewe zilikaa miaka mingi bila matengenezo ya kutosha. Una ndege ya kuwahi? Panda treni ya mapema zaidi. Ukifika umechelewa saa nzima, kwa kawaida unaweza kudai robo ya nauli. Saa mbili, nusu yake.

"Wote huvaa kaptura za ngozi na kusherehekea Oktoberfest." Hayo ni ya Bavaria, jimbo moja kati ya 16. Kumdhania mtu wa Hamburg hivyo ni sawa na kudhani kila Mtanzania hujifunga lubega. Sherehe yenyewe ilitokana na harusi ya mwanamfalme Ludwig mjini Munich mwaka 1810, na siku hizi huanza Septemba. Wapo pia wanaodhani barabara zao kuu ni wazo la Hitler. Sivyo: ile ya Köln hadi Bonn ilifunguliwa mwaka 1932, kabla hajashika madaraka, na aliyeifungua ni Konrad Adenauer, meya wa Köln.

"Kanisani ni sadaka tu." Hapa ndipo ndugu zetu wengi hushtuka. Ukihamia, una wiki mbili za kujiandikisha katika ofisi ya wakazi, na fomu huuliza dini. Mlutheri wa Moshi aliyezoea bahasha ya ahadi hujaza "Mprotestanti" kwa moyo mweupe, kisha mwisho wa mwezi anakuta mshahara umekatwa. Hajaibiwa. Ni kodi ya kanisa, ambayo serikali huikusanya kwa niaba ya makanisa: asilimia 9 ya kodi ya mapato, au 8 ukiwa Bavaria au Baden-Württemberg. Angalia vizuri, ni asilimia ya kodi, si ya mshahara. Aliyekatwa kodi ya euro 300 hulipa kanisa euro 27. Waislamu hawakatwi, wala mwanafunzi ambaye kipato chake hakijafikia kutozwa kodi. Unaweza kujitoa, ila kisheria umejitoa katika kanisa lenyewe. Ongea na familia yako kabla ya kujaza fomu, na usiandike uongo.

"Chuo kikuu ni bure." Vyuo vingi vya umma havitozi ada, kweli. Lakini tangu 2017 Baden-Württemberg huwatoza wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kisha kuna viza: kwa kiwango kilichowekwa mwaka 2024, unaonyesha euro 11,904 katika akaunti iliyofungwa, ambayo hutoa euro 992 kwa mwezi. Mzazi anayeuza shamba kwa kusikia neno "bure" anastahili kuambiwa hili mapema.

"Jumapili hufunga maduka kwa uchaji." Ni sheria. Katiba yao imebeba ibara ya mwaka 1919 inayoilinda Jumapili kama siku ya mapumziko, na vyama vya wafanyakazi huitetea bega kwa bega na makanisa. Nunua unga wako Jumamosi. Usitoboe ukuta kwa drili wala usikate majani kwa mashine siku hiyo. Jirani atakuja mlangoni.

"Ni watu baridi, hawasalimii." Ingia chumba cha kusubiri daktari uone: anayeingia huwasalimu wote kwa pamoja, nao huitikia. Kusema "wewe" wana du kwa mtu wa karibu na Sie kwa wa heshima, na kwa kawaida mkubwa ndiye humruhusu mdogo kutumia du. Aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji somo refu hapo. Usimpongeze mtu kwa siku ya kuzaliwa kabla haijafika, wanaamini ni mkosi. Ikifika yako, keki ya ofisini unaileta wewe. Wanafunzi wakifurahia mhadhara hawapigi makofi, hugonga meza. Na ukiwakuta watu wamekwisha kaa mezani wanakunywa, huna haja ya kuzunguka kumshika kila mmoja mkono: gonga meza kwa vifundo vya vidole mara mbili, kama unayepiga hodi, kisha vuta kiti.