Je, wajua? Seli za panya zilizogeuka msuli

Seli ya ngozi yako na seli ya moyo wako zimebeba DNA ile ile. Basi kwa nini moja inadunda maisha yote, na nyingine haijawahi kudunda hata mara moja?

Peter Jones, mzaliwa wa Cape Town aliyesomea shahada ya kwanza Salisbury, Harare ya leo, alikutana na swali hilo ndani ya sahani ya maabara. Miaka ya 1970 alizipa seli za kiinitete cha panya azasitidini, dawa iliyobuniwa Prague mwaka 1964 ili kuua saratani. Siku zikapita, na baadhi ya seli zilizosalimika zikaungana zikawa nyuzi za msuli. Nyuzi zenyewe zilitikisika! Mwaka 1977 yeye na watafiti wenzake Constantinides na Gevers waliitangaza habari hiyo katika jarida la Nature.

Sababu ilijulikana mwaka 1980, Jones akiwa na mtafiti mwenzake Shirley Taylor. Aliyepita madrasa ataielewa upesi. Sukuni, ile alama ya Kiarabu juu ya herufi isiyo na irabu, haifuti herufi, huituliza tu. Mwili nao huweka alama ndogo ya kemikali, methili, juu ya herufi C ya DNA. Alama zikijaa mwanzoni mwa jeni, jeni hunyamaza. Kila seli inapogawanyika, kuna kimeng'enya kinachozinakili alama hizo kwenye DNA mpya. Azasitidini inafanana na C, kwa hiyo huingia ndani ya DNA mpya, na kimeng'enya kikiigusa kinanasa kama ndege kwenye ulimbo. Alama hazinakiliwi tena, na jeni za msuli zilizokuwa kimya zinaamka.

Kwa mgonjwa hili ni jambo kubwa. Katika saratani nyingi, baadhi ya jeni za kuzuia uvimbe ni nzima kabisa, ila zimenyamazishwa. Kilichonyamazishwa kinaweza kuamshwa.

Mtu mmoja hawezi kuifanya kazi ya kuzisoma alama hizi zote. DNA ni moja mwilini, lakini alama hutofautiana toka ini hadi ubongo, toka mzima hadi mgonjwa. Mwaka 2009 Jones, akiwa Los Angeles, na Stephen Baylin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliongoza timu moja ya watafiti na madaktari wa taasisi mbalimbali. Mwaka 2010 mataifa yalikutana Paris kuanzisha mradi wa kuchora ramani 1,000 za alama hizo.

Azasitidini ilikuwa imekwisha kuidhinishwa Marekani mwaka 2004, kwa ugonjwa wa uboho unaovuruga utengenezaji wa damu na unaoweza kugeuka saratani. Katika jaribio la wagonjwa 358 lililochapishwa 2009, nusu ya walioipata waliishi zaidi ya miezi 24.5, waliopewa tiba za kawaida, miezi 15. Hutolewa kwa kipimo kidogo, siku 7 katika kila siku 28, tena na tena, kwa sababu dawa ikiisha mwilini kimeng'enya hurudi kazini na alama huanza kujiandika upya.