Schwarzenegger sio "mweusi mara mbili", jina linakatwa pasipo pake

Nilivyokuwa darasa la tano nilikuwa na rafiki mmoja mweusi tii, ule weusi wa kung'aa, na shuleni walimbandika jina la Shwaznega. Sio kwa sababu ya misuli maana alikuwa kimbaumbau tu, ila kuna kaka mmoja pale kwenye kibanda cha video tulichokuwa tunaenda, TV imefungiwa juu kwenye kabati la nondo na sisi tumebanana kwenye mabenchi chini, alitutangazia kwamba jina la yule jamaa wa mikanda ya kikomando, Arnold Schwarzenegger, kwa Kijerumani ni "mweusi mweusi", nusu ya kwanza ni mweusi na nusu ya pili ni lile tusi wazungu wa Marekani walilokuwa wanawaitia watumwa. Tukaamini wote. Rafiki yangu alilibeba hilo jina mpaka tunamaliza la saba, alikuwa anacheka na sisi, lakini nakumbuka siku moja aligoma kuingia kibandani kabisa, akakaa nje kwenye mchanga mpaka picha ikaisha.

Juzi naona uvumi uleule unazunguka tena mtandaoni, watu wanashea tu, nikasema hapana, hili lazima niliandike.

Dhana: nusu ya pili ya jina ni tusi la watu weusi.

Sio kweli, na kosa liko kwenye kukata. Watu wanakata Schwarze halafu negger. Wajerumani wenyewe wanakata hivi: Schwarzen, egg, er. Vipande vitatu. Ni sawasawa na mtu aione Kariakoo akate "karia" na "koo", halafu aanze kukuelezea habari za koo la mtu, wakati jina lilitoka kwa Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Mwingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Herufi zipo kweli, k-o-o unaiona kwa macho yako, lakini koo halimo.

Twende kipande kwa kipande. Schwarz ni -eusi. Ile -en ya mwisho ni sarufi tu, Wajerumani nao kivumishi chao kinabadilika kufuata nomino kama sisi tunavyosema mweusi, nyeusi, jeusi, cheusi, kwa hiyo mtu aliyekuwa anaishi "kwenye egg nyeusi" ilikuwa lazima iwe schwarzen. Egg ni neno la Kijerumani cha kusini, kule milimani Austria na Uswisi, ndugu yake Ecke yaani kona, na kwenye majina ya sehemu linamaanisha mgongo wa mlima au ile pembe ya kilima inayochomoza. Halafu -er ni "mtu wa". Berliner ni mtu wa Berlin, Wiener ni mtu wa Wien, yaani Vienna. Sisi tunaweka mbele, Mpemba, Mzaramo, Mwamu, wao wanaweka nyuma. Basi. Schwarzenegger ni mtu aliyetoka Schwarzenegg, kwenye mgongo mweusi wa mlima.

Na lile tusi lina ukoo tofauti kabisa, limetokana na niger ya Kilatini, wakati egg ni neno la kwao Wajerumani tangu zamani, shina lake ni kitu chenye makali au ukingo. Hata ukichukua lile neno la Kijerumani lenyewe walilokuwa wanatuitia zamani, ambalo leo kwao nalo ni tusi, linaandikwa kwa g moja na e yake inavutwa. Kwenye egg e ni fupi na g ni mbili. Mjerumani hawezi kuyachanganya kwa sikio, ni sisi na Waingereza tunaoyachanganya.

Dhana: basi kama sio tusi, mababu zake walikuwa weusi, ndio maana ya Schwarz.

Hapana, kilichoitwa cheusi hapo ni mlima. Milima ya kule imevaa misitu ya miti ya jamii ya misonobari, imeshonana, kwa mbali inaonekana nyeusi kweli, hasa ukilinganisha na malisho ya ng'ombe yaliyo pembeni. Ndio jina lilelile la Schwarzwald, Msitu Mweusi, kule kusini magharibi mwa Ujerumani, hakuna mtu anadhani ni msitu wa watu weusi. Na Schwarzenegg kama sehemu ipo, kuna kijiji chenye jina hilo jimbo la Bern, Uswisi. Kuna majina mengine mengi ya Schwarz peke yake ambayo kweli yalianza na mtu mwenye nywele nyeusi au sura ya kukolea rangi, lakini hili lina egg ndani yake, na egg inakupeleka mlimani.

Tena sio la peke yake, ndio kitu ambacho wengi hawakijui. Yule mwanafalsafa Heidegger, jina lake ni mtu wa Heidegg, mgongo wenye nyika. Honegger, mtunzi wa muziki ambaye sura yake ilikuwa kwenye noti ya faranga 20 ya Uswisi, ni familia hiyohiyo ya majina. Ukipanda treni kwenda Jungfraujoch, kule juu kwenye milima ya Uswisi, unabadilishia kituo cha Kleine Scheidegg, na Scheidegg ni mgongo unaotenganisha, huku bonde hili na kule bonde lile. Ukiyapanga pamoja Heidegger, Honegger, Schwarzenegger, jibu linajionyesha lenyewe bila kamusi.

Dhana: maana yake ni "mkulima mweusi".

Hii wanaileta wale wasomi kidogo, na ina msingi wake kwa sababu Kijerumani kina neno Egge, lile haro la kusawazishia shamba baada ya kulima, kwa hiyo Egger unaweza kulisoma kama mpiga haro. Lakini ile -en katikati na ule msururu wa sehemu zinazoishia na -egg vinavuta upande wa mlima, mimi siamini hii ya haro hata kidogo. Na wanaosema ni "yai jeusi" hao wamesoma egg kwa Kiingereza, yai kwa Kijerumani ni Ei.

Dhana: ni jina la kisanii, alijitungia ili aonekane mkali.

Kinyume chake. Ni jina la ukoo, baba yake alikuwa Gustav Schwarzenegger, polisi. Arnold alizaliwa 30 Julai 1947 kijiji cha Thal karibu na Graz, na hapo ni Austria, sio Ujerumani, jina ni la lugha ya Kijerumani lakini mtu ni Mwaustria aliyepata uraia wa Marekani mwaka 1983. Jina la kisanii lilikuwepo kweli ila lilikuwa Arnold Strong, ndilo walilomwandika kwenye filamu yake ya kwanza mwaka 1970 kwa vile hili la kwao waliliona refu na gumu. Miaka 33 baadaye akachaguliwa gavana wa California kwa jina hilohilo refu.

Dhana: ni jina la kawaida kwa Wajerumani.

Ni adimu. Tunalisikia kila mahali kwa sababu ya mtu mmoja. Jina linaloongoza Ujerumani ni Müller, msagaji, na sababu ni rahisi, kila kijiji kilikuwa na kinu chake kwa hiyo kila kijiji kikazaa Müller wake. Austria wanaongoza Gruber, watu wa bondeni au kwenye shimo, na mashimo na mabonde kule hayahesabiki. Lakini jina lililotoka kwenye mgongo fulani mmoja wa mlima lina watu wachache wa kulibeba, wale waliohama kutoka hapo na watoto wao.

Kuhusu kulitamka, sisi tuna bahati. Sch ni sh yetu, ndiyo ileile iliyofanya Schule ikawa shule. W unaisoma v, z unaisoma ts, na -er ya mwisho kwa Mjerumani inasikika karibu kabisa na a. Mkazo uweke mwanzoni, sio silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea: SHVAR-tsen-ega. Rafiki yangu nimemtumia voisi hivyohivyo, nimemkatia pole pole mara tatu, na nimemuomba radhi.