Dirisha lisilowahi kuwa dirisha

Kwenye malango ya mashamba ya makabaila wa zamani wa Uingereza husimama kijumba cha bawabu, na mara nyingi kina dirisha lililozibwa. Husemwa lilizibwa kukwepa kodi ya madirisha, iliyotozwa 1696 hadi 1851. Kodi hiyo ilikuwepo, na wapo walioziba kweli. Lakini madirisha mengi ya aina hii yalijengwa bandia tangu mwanzo: msanifu alitaka pande zilingane, na ndani, mahali hapo pana dohani au ukuta wa chumba. Chungulia kingo za dirisha lililozibwa. Matofali yakiumana na ya ukuta, yalijengwa pamoja. Mstari ulionyooka na tofali la rangi nyingine huonyesha yaliongezwa baadaye. Hata vijumba vya baada ya 1851 vina madirisha bandia kama haya, kodi ikiwa imeshafutwa!