Je, wajua kwa nini kirusi cha mafaili hurudi hata baada ya kupiga windo upya?

Fundi amefuta diski C, amepiga windo upya, ameweka antivairasi mpya, na kompyuta imerudi kwa mwenyewe ikiwa nyepesi kama ya dukani. Siku chache baadaye antivairasi imejizima yenyewe, programu zimeanza kugoma, na kila flashi inayochomekwa inatoka na faili la ajabu lenye jina lisilosomeka. Mwenye kompyuta anamlaumu fundi, fundi anailaumu flashi. Lakini mara nyingi kirusi chenyewe hakikuondoka hata dakika moja: kilikuwa diski D, ndani ya setapu zilezile zilizotumika kuirudisha kompyuta kazini.

Tutenganishe kwanza mambo, maana mtaani kila balaa la kompyuta huitwa virusi. Kile kinachoficha mafolda kwenye flashi na kukuachia shotikati zenye mshale kina faili lake chenyewe. Ukilifuta faili hilo na kuyafichua mafolda, kazi imeisha, na nyaraka zako ziko salama. Minyoo, yaani programu hasidi zinazojisambaza zenyewe, na trojani, zile zinazojifanya programu halali, nyingi nazo ziko hivyo. Kirusi cha mafaili ni tabia nyingine kabisa. Hakihitaji kukaa peke yake. Hujiandika ndani ya programu za watu wengine. Kikokotoo kinabaki kikokotoo, gemu linabaki gemu, vyote vinafunguka kama kawaida, ila sasa kila kimoja kimebeba nakala ya kirusi. Ndiyo maana kumwambia fundi "futa tu hicho kirusi" ni sawa na kumwambia afute programu zako zote.

Kinaingiaje humo? Kila programu ya Windows yenye mwisho wa .exe huanza na herufi mbili, MZ. Ni vifupisho vya jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft aliyesanifu muundo huo enzi za DOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotangulia Windows. Baada ya herufi hizo hufuata maelezo yanayoiambia Windows faili limegawanywa sehemu zipi na, la muhimu zaidi, elekezo la kwanza la kutekelezwa liko wapi. Kirusi cha kawaida hujibandika mwishoni mwa faili, kisha kinabadilisha anwani hiyo ya kuanzia ili ielekeze kwake. Ni kama mtu aliyegeuza kibao cha njia panda: wageni wa harusi wote wanapita uani kwake kwanza, anawachukulia anachotaka, kisha anawaonyesha njia ya kwenda ukumbini. Kirusi kikimaliza shughuli yake huruka kwenye anwani ya asili, na programu uliyoibofya inafunguka. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Vipo vinavyojibandika mbele ya faili badala ya nyuma, na vipo vinavyojificha kwa ustadi zaidi. CIH ndicho mfano ambao bado unanistaajabisha. Kiliandikwa na Chen Ing-hau, mwanafunzi wa Taiwan, kikaanza kusambaa mwaka 1998. Kilikuwa na ukubwa wa kilobaiti moja hivi tu. Ndani ya mafaili ya .exe kila sehemu hupangwa kwa vipimo maalumu, hivyo mwishoni mwa sehemu hubaki nafasi tupu zilizojaa sifuri. CIH kilijikata vipande, kikajipachika kwenye nafasi hizo, na faili halikuongezeka hata baiti moja. Aliyezoea kukagua ukubwa wa mafaili yake hakuona kitu. Kisha tarehe 26 Aprili 1999 ikafika, kirusi kikaamka: kiliandika sifuri juu ya megabaiti ya kwanza ya diski, mahali penye ramani ya diski nzima, na kwenye baadhi ya mashine kikaharibu hata BIOS, ile programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama inayoiwasha kompyuta. Mashine ya namna hiyo ilikuwa haiwaki tena hata ukiiwekea diski mpya. Korea Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana siku hiyo. Na tusidhani walioumia ni wale tu waliozoea programu za wizi: mwezi Machi mwaka huohuo IBM ililazimika kutangaza kwamba baadhi ya kompyuta zake za Aptiva zilitoka kiwandani zikiwa na CIH.

Lakini anayetaka kuelewa kompyuta yenye kirusi cha mafaili inaishije siku hadi siku, amwangalie Sality. Kilijulikana mwaka 2003 na kimebadilishwa mara nyingi tangu hapo. Ukibofya programu moja tu iliyoambukizwa, kinapanda kwenye memori na kujipenyeza ndani ya programu nyingine zinazoendelea kufanya kazi, hivyo hata ukiifunga ile uliyoifungua, chenyewe kinaendelea. Kisha kinaanza kutafuta mafaili ya .exe na .scr (programu za kupamba skrini iliyopumzika). Hakianzi ovyo. Kinasoma kwenye rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio yake, ni programu zipi zinazojiwasha pamoja na kompyuta na ni zipi ulizozoea kuzifungua, na kuanza na hizo. Kimesoma mazoea yako kabla hujajua kwamba kipo.

Wakati huohuo kinajilinda. Kinazima ukuta wa moto wa Windows. Kinaua antivairasi na kufuta mafaili inayoyategemea kutambua virusi, na kinaweka draiva yake, programu ndogo inayofanya kazi ndani kabisa ya Windows, ya kuzuia tovuti za kampuni za antivairasi zisifunguke. Kinafunga lile dirisha la kuorodhesha programu zinazoendelea, na pia kihariri cha rejista, ili usipate pa kuchungulia. Halafu kinafuta vipengele vya rejista vinavyoiwezesha Windows kuwaka kwa hali salama, ile tuliyozoea kuifikia kwa kubonyeza F8. Fundi akijaribu njia hiyo, kompyuta inatoa skrini ya bluu. Ni rahisi fundi kuihukumu diski kuwa mbovu kwa sababu ya dalili hii.

Kwenye flashi na mafolda yanayoshirikiwa kwenye mtandao wa ofisi kinadondosha nakala yake yenye jina la herufi zisizo na maana, yenye mwisho wa .exe, .pif au .cmd, pamoja na faili la autorun.inf la kuiwasha. Na kwa nini juhudi zote hizo? Kwa sababu kompyuta iliyoshikwa inaunganishwa na nyingine zilizoshikwa, zikazungumza zenyewe kwa zenyewe bila kituo kikuu ambacho polisi wangeweza kukizima. Kupitia mtandao huo mwenye kirusi huleta chochote atakacho: programu ya kuiba nywila, ya kutuma barua taka, au kazi maalumu. Mwezi Februari 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego waliona anwani za intaneti zipatazo milioni 3 zikipekua, kwa muda wa siku 12, anwani zote za mtandao zikitafuta seva za simu za intaneti. Ilikuwa kazi ya Sality. Mtu angeweza kuwa anachapa barua ya maombi ya kazi huku kompyuta yake ikibisha hodi kwa watu ng'ambo.

Kuna jambo moja linalowashangaza watu kuliko yote: kukagua kompyuta kwa antivairasi kunaweza kueneza kirusi. Dark Avenger, kirusi kilichotoka Sofia, Bulgaria mwaka 1989, hakikungoja programu iendeshwe. Faili likifunguliwa tu, au likinakiliwa, linaambukizwa. Sasa antivairasi inafanya nini? Inafungua kila faili kwenye diski ili ilisome. Kama kirusi kimeshakaa kwenye memori na antivairasi haikitambui, ukaguzi mmoja unatosha kuambukiza kila programu iliyomo. Dark Avenger kiliongeza na ukatili wa polepole, maana kila baada ya programu iliyoambukizwa kuendeshwa mara 16 kiliandika takataka kwenye sekta yoyote ya diski. Mtu aligundua miezi baadaye, wakati hata nakala zake za akiba zimeshaharibika.

Si kwamba waandishi wa virusi ni mabingwa wote. Jerusalem, kilichogunduliwa katika mji wa jina hilo mwaka 1987, kilikuwa na alama ya kukiambia faili fulani limeshaambukizwa, lakini kwa mafaili ya .exe alama hiyo haikufanya kazi. Kikaambukiza faili lilelile tena na tena, kila mara likinenepa kwa baiti zipatazo 1,800, hadi halikuenea kwenye memori. Uzembe huo ndio uliokifichua, kabla hata ya Ijumaa ya tarehe 13 ambayo kilipangiwa kufuta programu. Virut nacho, kilichoanza mwaka 2006, kiliandika vibaya kwenye baadhi ya mafaili kiasi kwamba hakuna dawa ya kuyarudisha. Kilikuwa pia kinaongeza mstari mmoja uliofichika kwenye kurasa za HTML kilizozikuta, kwa hiyo mtengeneza tovuti aliyepandisha kurasa zake mtandaoni aliwapandishia na wasomaji wake mtego.

Na kwa kuwa virusi hivi haviulizi .exe ni ya nani, huambukiza hata wadudu wenzao. Mwezi Januari 2012 kampuni ya Bitdefender ilieleza kwamba kati ya mafaili hasidi milioni 10 iliyoyachunguza, kama 40,000 yalikuwa mnyoo uliokwisha kuambukizwa na kirusi. Mnyoo unasafiri kwa nguvu zake, kirusi kinapata usafiri wa bure.

Mafundi wa huku kwetu wanakifahamu Neshta kwa dalili moja: baada ya kusafisha, hakuna .exe yoyote inayofunguka. Kirusi hiki hujibandika mbele ya programu kwa kilobaiti 41 hivi, kisha huweka nakala yake kwenye folda ya Windows kwa jina la svchost.com, jina linalofanana na la faili halali la mfumo. Halafu kinabadilisha kipengele kimoja cha rejista ili kila unapofungua .exe, Windows iiite svchost.com kwanza. Antivairasi ikilifuta faili hilo bila kurekebisha rejista, Windows inaendelea kumwita asiyekuwepo, na kila programu inagoma. Kompyuta haijafa, kipengele kile kikirudishwa kama kilivyokuwa, programu zinafunguka tena.

Turudi kwa fundi wetu. Kupiga windo upya hufuta diski C peke yake. Diski D, ambako wengi huhifadhi picha, muziki na folda la "software", haiguswi. Picha na muziki havina shida, maana havitekelezwi kama programu. Shida ni setapu za zamani zilizokaa hapo, zile za kusomea PDF, za kuchezea video, za printa. Zote zimeambukizwa, na fundi anaanza kuzifunga moja baada ya nyingine kwenye Windows mpya. Au anazitoa kwenye flashi yake, ambayo tangu asubuhi imepita kompyuta za wateja wengine. Kwenye stesheneri zenye foleni ya watu wa kuchapisha, flashi moja inatosha kuwagawia wote.

Kukiondoa kweli kunahitaji kirusi kiwe kimelala. Maana yake ni kuiwasha kompyuta kwa diski au flashi ya uokoaji iliyotengenezwa kwenye mashine safi, ili Windows iliyoambukizwa isiwake kabisa, na kukagua diski zote, pamoja na D na kila flashi ya nyumba hiyo. Antivairasi nzuri hailifuti faili. Inatafuta ndani ya mwili wa kirusi ile anwani ya asili, inairudisha mahali pake na kukikata kilichobandikwa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, programu zilizoambukizwa hazistahili kutibiwa. Chukua nyaraka na picha, futa kila .exe na .scr ya diski zote, kisha pakua setapu upya kutoka kwa wenyewe. Fundi anayezunguka kwa wateja atumie kadi ya SD yenye kile kitufe cha pembeni cha kuzuia kuandikwa, au DVD aliyoichoma mara moja.

Aina hii ya virusi imepungua. Programu nyingi siku hizi zina saini ya kidijitali, na baiti moja ikibadilika saini inavunjika. Windows za sasa hazimpi mtumiaji ruhusa ya kuandika kwenye mafolda ya programu bila kumuuliza, na mwaka 2011 Microsoft ilituma sasisho la kuzuia flashi zisijiwashe zenyewe hata kwenye Windows za zamani. Wahalifu nao wameona faida kubwa iko kwenye kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Ila mashine kuukuu hazijaisha, na flashi nazo bado zinazunguka. Mwezi Aprili 2016 kituo cha umeme wa nyuklia cha Gundremmingen, Ujerumani, kilitangaza kwamba kimekuta Ramnit, kirusi cha mafaili kilichoanza mwaka 2010, kwenye kompyuta inayohusika na mitambo ya kuhamishia fueli ya nyuklia. Kompyuta hiyo haikuunganishwa na intaneti. Walipopekua ofisini walikuta vifaa 18 vya kubebea data, vingi vikiwa flashi, navyo vimeambukizwa.