Tairi moja jipya kwenye gari linalosukuma magurudumu yote manne

Tairi moja likipasuka, ushauri unaotolewa haraka ni huu: nunua moja la saizi ileile, funga, endelea na safari. Kwa gari linalovutwa na magurudumu mawili, sawa. Kwa gari linalosukuma magurudumu yote manne wakati wote, ushauri huo unaweza kukuulia difu ya kati (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma).

Saizi iliyoandikwa ubavuni haisemi kitu kuhusu kashata (vinundu vya mpira vinavyogusa barabara) zilizolika. Tairi jipya huwa na kina cha milimita 8 hivi. Tuseme yale matatu yaliyobaki yana 3. Tofauti ya milimita 5 inaonekana upuuzi, lakini kwenye tairi la kawaida la gari dogo inafanya yale ya zamani yapige kama mizunguko 8 ya ziada katika kila kilomita. Difu ya kati, iliyoumbwa kusawazisha tofauti za muda mfupi kwenye kona, sasa inafanya kazi hata barabara ikiwa imenyooka kama rula. Inachemka, inalika. Dalili mojawapo: ukikata kona kali polepole, gari linajivuta na kurukaruka kana kwamba hendibreki imesahauliwa.

Si lazima ununue manne. Tafuta lililotumika lenye kina kinacholingana na mengine, aina ileile, na ulipime kabla ya kulipa (macho hudanganya). Kitabu cha gari huenda kikataja tofauti inayoruhusiwa. Na upepo nao uangalie: tairi lililopungua upepo huzunguka kama tairi dogo.